Oksijeni nyumbani: mtungi, mashine ya umeme, mashine ya kubebeka au kimiminika?

Daktari ameandika kwamba mgonjwa aendelee na oksijeni nyumbani. Karatasi ya ruhusa mko nayo mkononi, na kila ndugu ana lake: mmoja anasema nunueni mtungi, mwingine ameona mashine inayochomekwa kwenye umeme, wa tatu ametuma picha ya kimashine cha kuning'inia begani. Vyote vinatoa oksijeni, ila kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Kinachomfaa mzee anayekitumia saa 15 kwa siku kitamtesa kijana anayetaka kurudi kazini. Kinachomtosha mtu akiwa amekaa kinaweza kumwacha akihema mara anapopanda ngazi.

Ulinganisho huu ni wa familia iliyokwama hapo. Sikutajii kifaa bora, maana hakuna kifaa kilicho bora kwa kila mgonjwa. Nataka ujue maswali ya kuuliza kabla pesa haijatoka.

Kwanza, je, oksijeni inahitajika?

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Mapafu yakiwa mazima, hiyo inatosha: himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, inakuwa imejaa kwa asilimia 95 hadi 100. Kumwongezea mtu huyo oksijeni akiwa amepumzika ni kumimina maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Ndiyo maana vikopo vya oksijeni wanavyouziwa wanamichezo havimsaidii mtu mwenye afya aliyekaa kitini.

Hali ni nyingine kabisa kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu. Madaktari wengi huagiza oksijeni ya muda mrefu pale shinikizo la oksijeni katika damu ya ateri linapokuwa mmHg 55 au chini yake, au kipimo cha kidoleni kinaposoma asilimia 88 au chini, mgonjwa akiwa amepumzika na hali yake imetulia. Viwango hivi vimetoka kwenye utafiti. Mwaka 1981 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 87 waliofuatiliwa kwa miaka 5. Kati ya 42 waliotumia oksijeni angalau saa 15 kwa siku walikufa 19. Kati ya 45 ambao hawakupewa walikufa 30. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Marekani na Kanada ulikuwa umeonyesha kwamba waliotumia oksijeni karibu siku nzima waliishi zaidi kuliko walioitumia usiku tu.

Lakini utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na wagonjwa 738 ambao oksijeni yao ilikuwa imeshuka kiasi tu, haukuona tofauti ya vifo wala ya kulazwa hospitalini kati ya waliopewa na wasiopewa. Kwa hiyo kuhema peke yake si sababu ya kununua mashine. Mtu anaweza kuhema sana na oksijeni yake ikawa nzuri, kwa sababu ya moyo, upungufu wa damu au hofu. Pima kwanza.

Na unapopima, usiiamini kwa upofu oksimita, yaani kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Vidole baridi, rangi ya kucha na mkono unaotikisika huiharibu. Lililo zito zaidi ni kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu uliofichika kwa namna hiyo uliwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Ikiwa oksimita inasema 91 na mgonjwa anaonekana vibaya, omba kipimo cha damu ya ateri.

Vigezo vya kulinganisha

Dai namba hizi kutoka kwa daktari: lita ngapi kwa dakika akiwa amekaa, ngapi akitembea, ngapi akilala, na saa ngapi kwa siku. Bila hizo, kila ushauri utakaopewa dukani ni wa kubahatisha. Baada ya hapo nimetumia vigezo vitano kwa kila kifaa: kinatoa kiasi gani na kwa muda gani, kinategemea nini, umeme au msambazaji, mgonjwa anaweza kutembea nacho, kinahitaji matunzo na tahadhari zipi, na kinamfaa nani. Gharama nimeigusa kwa namna inavyokuja, yaani unalipa mara moja mwanzoni au unalipa daima.

1. Mtungi wa oksijeni

*Kiasi na muda.* Mtungi una oksijeni safi sana, kwa kawaida asilimia 99.5 hivi, iliyoshindiliwa kwa shinikizo kubwa. Hesabu yake kila mwanafamilia aijue: zidisha ujazo wa mtungi kwa lita na namba inayosomwa kwenye geji kwa bar (kipimo cha shinikizo), kisha gawanya kwa lita za kila dakika. Mtungi wa lita 10 ukisoma bar 150 una lita 1,500 za gesi. Kwa lita 2 kwa dakika, hizo ni dakika 750, yaani saa 12 na nusu. Geji ikishuka hadi 50, zimebaki saa 4 na kidogo. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi uibandike ukutani karibu na mtungi, kwa sababu saa 8 usiku, mgonjwa anapohema, hakuna anayeweza kugawanya kichwani.

Sasa pima uzito wa hilo. Anayehitaji lita 2 kwa saa 15 anatumia lita 1,800 kila siku. Mtungi wa lita 10 haumalizi siku yake. Hata ule mkubwa wa lita 47 hivi, unaobeba karibu lita 7,000, unakwisha kabla ya siku ya nne kutimia.

*Unategemea nini.* Hauhitaji umeme hata kidogo, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa. Unahitaji mtu wa kuujaza, gari la kuuleta, na mtungi wa pili unaosubiri wakati wa kwanza uko kiwandani. Gharama ya mwanzo ni ndogo. Ya kujaza haikomi.

*Kutembea nao.* Mkubwa haubebeki. Midogo ya lita 2 hivi hubebwa begani au kukokotwa kwenye kitoroli, na hutosha kwenda kliniki na kurudi. Kwa safari ndefu mashirika mengi ya ndege hayamruhusu abiria kuingia na mtungi wake.

*Matunzo na tahadhari.* Hapa sitafupisha. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inafanya kila kinachowaka kiwake kwa kasi na ukali. Mafuta au grisi kwenye vali ya mtungi vinaweza kushika moto vyenyewe gesi inapofunguliwa, kwa hiyo anayefungua awe na mikono mikavu isiyo na losheni wala mafuta ya kupaka. Vali ifunguliwe polepole. Mtungi ufungwe kwa mnyororo au uwekwe kwenye kitako chake, maana ukianguka na kuvunjika shingo, shinikizo lililomo linaurusha kama kombora. Pia usikubali mtungi wa fundi wa kuchomelea vyuma, hata kama jirani anasema gesi ni ileile. Hujui ndani yake kumewahi kupita nini.

*Unamfaa nani.* Anayetumia oksijeni saa chache au kwa muda mfupi, anayekaa karibu na msambazaji wa uhakika, anayeishi pasipo na umeme wa kutegemewa, na kila mwenye mashine anayehitaji akiba.

2. Mashine ya umeme ya kukaa nyumbani

*Kiasi na muda.* Wengi huiita konsentreta. Haihifadhi oksijeni, inaitengeneza kutoka hewa ya chumbani. Kompresa husukuma hewa kwenye nguzo mbili zilizojazwa chembe za zeolaiti; zeolaiti hunasa nitrojeni na kuacha oksijeni ipite. Nguzo moja ikijaa nitrojeni, vali hugeuza njia, ya pili inashika kazi huku ya kwanza ikitapika ilichonasa. Ule mpumuo unaosikia kila baada ya sekunde chache ndio kugeuka huko. Kinachotoka ni oksijeni ya asilimia 90 hadi 96, na kwa matumizi ya puani tofauti yake na ya mtungi haina maana kubwa.

Mashine nyingi ni za lita 5 kwa dakika, nyingine za lita 10. Ukiwa na umeme, haina kikomo cha siku. Usinunue kwa kulenga mwisho wa uwezo wake, lakini. Mgonjwa aliyeandikiwa lita 5 apewe ya lita 10, kwa sababu mashine inayozeeka usafi wa oksijeni hushuka kwanza kwenye mtiririko wa juu.

*Inategemea nini.* Umeme, mwanzo hadi mwisho. Ya lita 5 hula wati 350 hivi, sawa na yuniti 5 na kidogo kwa saa 15. Ya lita 10 hukaribia mara mbili ya hapo. Umeme ukikatika, inazima papo hapo na ndani yake hakuna akiba yoyote. Umeme unaopanda na kushuka huharibu kompresa, basi weka kifaa cha kudhibiti volteji kati yake na soketi. Unalipa kingi mwanzoni, kisha bili ya umeme na vichujio.

*Kutembea nayo.* Ina magurudumu lakini ina uzito wa kilo 15 hadi 25, hivyo huhama chumba kwa chumba tu. Dawa yake ni mpira mrefu, hadi mita 15 hivi, unaomfikisha mgonjwa chooni na sebuleni. Mpira huo huo ni mtego wa miguu kwa wazee, kwa hiyo upitishwe kando ya ukuta.

*Matunzo na tahadhari.* Kichujio cha nje kioshwe kila wiki na kukaushwa kabisa. Mashine ikae mbali na ukuta na mapazia ili ivute hewa. Chagua yenye kihisi cha usafi wa oksijeni na king'ora. Bila kihisi hicho mashine itaendelea kunguruma vizuri huku ikitoa hewa ya kawaida, na hakuna atakayejua. Hili ndilo ningelikagua kwanza kwenye mashine iliyotumika. Kelele zake ni za kiasi, lakini katika chumba kidogo usiku zinachosha.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji saa nyingi kila siku kwa muda mrefu, anayekaa nyumbani zaidi, na mwenye umeme unaoaminika pamoja na mtungi wa akiba.

3. Mashine ya kubebeka

*Kiasi na muda.* Teknolojia ni ileile ya zeolaiti, imefanywa ndogo na kuwekwa betri. Nyingi huwa na uzito wa kilo 2 hadi 5. Ndipo penye kosa linalogharimu familia nyingi: namba 2 kwenye kitufe chake si lita 2 kwa dakika. Nyingi za aina hii hutoa oksijeni kwa mpulizo, zinahisi mgonjwa anavuta pumzi ndipo zinarusha kiasi kidogo. Jumla inayozalishwa huwa takriban lita 1 kwa dakika, baadhi pungufu. Kwa mgonjwa wa hali ya wastani mpulizo unatosha kwa sababu haupotezi gesi wakati anatoa pumzi. Kwa anayehitaji lita 4, hautoshi.

Mtu anapotembea anapumua haraka, na mashine nyingine hugawanya kilekile kilichopo kwenye pumzi nyingi zaidi. Matokeo yake kila pumzi inapata kidogo wakati misuli inadai zaidi. Kwa hiyo usikubali majaribio ya kukaa kitini. Mgonjwa aivae, atembee dakika 6 kwenye korido akiwa na oksimita kidoleni, na mtaalamu aangalie inashuka hadi ngapi.

*Inategemea nini.* Betri, na mahali pa kuichaji. Betri hudumu saa chache kwa mpangilio wa chini na hupungua haraka ukipandisha namba. Bei ya mwanzo huwa kubwa ukilinganisha na kinachotoka puani, na betri huchakaa.

*Kutembea nayo.* Hapa ndipo inapong'aa. Kazini, sokoni, kwenye gari, hata ndani ya ndege ikiwa ni aina iliyoidhinishwa. Kwenye ndege, hewa ya ndani huweza kuwa sawa na ya mlima wa mita 2,400, hivyo mgonjwa anaweza kuhitaji zaidi ya anavyohitaji nyumbani. Mashirika mengi huomba betri za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari.

*Matunzo na tahadhari.* Vichujio, betri, na kuilinda na vumbi. Usimlaze mgonjwa nayo bila ruhusa ya daktari: usingizini watu hupumua kwa kina kidogo, au kwa mdomo, na mashine inaweza isihisi pumzi.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji kiasi kidogo, anayetoka nyumbani mara kwa mara, na aliyepimwa akiwa anatembea nayo. Iwe ya pili baada ya mashine kubwa, isiwe peke yake.

4. Oksijeni ya kimiminika

*Kiasi na muda.* Oksijeni ikipozwa hadi nyuzi −183 za Selsiasi huwa kimiminika, na lita moja yake ikigeuka gesi huwa lita 860 hivi. Chombo cha lita 40 kina karibu lita 34,000 za gesi, za kutosha zaidi ya siku 10 kwa lita 2 kwa dakika usiku na mchana.

*Inategemea nini.* Haihitaji umeme. Inahitaji msambazaji mwenye gari maalumu anayekuja kwa ratiba, na sehemu nyingi hayupo. Uliza hilo kwanza. Jibu likiwa hapana, ruka sehemu hii.

*Kutembea nayo.* Mgonjwa hujaza chupa ndogo kutoka chombo kikubwa na kuondoka nayo. Kwa anayehitaji lita nyingi na bado anataka kutembea, hakuna kinachoifikia.

*Matunzo na tahadhari.* Huvukiza yenyewe hata isipotumika, kwa hiyo kuiweka akiba ya miezi haiwezekani. Kiungio cha kujazia hufunikwa na barafu nyeupe, na ukikigusa kwa mkono mtupu unaungua kwa baridi. Chumba kiwe na hewa inayopita.

*Inamfaa nani.* Mwenye mahitaji makubwa, mwenye nguvu za kutoka, na msambazaji wa uhakika.

Yanayovihusu vyote vinne

Asivute mtu sigara ndani ya nyumba, na mgonjwa mwenyewe asiikaribie kabisa. Jiko, mshumaa na kiberiti vikae mita 3 au zaidi kutoka kwa mgonjwa na kifaa. Pua ikikauka, usipake mafuta ya mgando yaliyotokana na petroli. Tumia ya asili ya maji. Nguo na matandiko hunywa oksijeni, hivyo zima kifaa kisipotumika badala ya kuuacha mpira ukipuliza kitandani.

La mwisho hapa ni kuongeza lita kwa huruma. Mgonjwa akihema, mkono wa ndugu unakwenda kwenye kitufe. Lakini kwa baadhi ya wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, oksijeni nyingi hufanya kaboni dayoksaidi ijikusanye mwilini. Ndiyo maana lengo lao huwekwa asilimia 88 hadi 92, wala si 98. Akiwa na usingizi usio wa kawaida, maumivu ya kichwa asubuhi au kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali, usimwongezee.

Uchague kwa hali yako

Mgonjwa anayetoka hospitali baada ya nimonia, na daktari anatarajia aachane na oksijeni baada ya wiki chache: kodi, usinunue. Mtungi au mashine ya kukodi, kisha apimwe tena. Wengi huendelea kulipia oksijeni wasiyoihitaji tena kwa sababu hakuna aliyerudi kupima.

Mzee mwenye ugonjwa sugu, lita 1 hadi 3, saa 15 au zaidi, umeme wa kawaida: mashine ya nyumbani, na mtungi mmoja uliojaa pembeni. Ukubwa wa mtungi huo uuhesabu kwa muda mrefu zaidi ambao umeme umewahi kukatika kwenu.

Umeme unakatika kila siku kwa saa nyingi: mitungi miwili mikubwa kwa zamu, au mashine yenye inveta na betri ikiwa mnaweza kuzimudu. Mpigie msambazaji kabla hujaamua, umuulize anajaza ndani ya siku ngapi na kama analeta siku za mapumziko.

Mgonjwa ambaye oksijeni yake hushuka akitembea tu: atembee kwanza dakika 6 na oksijeni, kisha bila. Ikiwa hakuna tofauti ya umbali wala ya pumzi, mazoezi ya mapafu chini ya mtaalamu yanaweza kumfaa kuliko kifaa chochote. Tofauti ikiwepo, linganisha mashine ya kubebeka na mtungi mdogo siku hiyohiyo, kwenye korido hiyohiyo.

Anayehitaji zaidi ya lita 5 akiwa amekaa: mashine ya lita 10 au kimiminika, na mazungumzo ya wazi na daktari juu ya nini kifanyike kifaa kikizima. Familia hii isitoke hospitalini kabla kila mmoja wao hajabadilisha regulata, kile kifaa kinachofungwa kwenye vali kupunguza shinikizo la gesi, kutoka mtungi mmoja hadi mwingine, kwa mikono yake mwenyewe.